Daktari wa mifupa akishahitimu, nani humfundisha?

Ukifika mwezi wa Desemba, swali moja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya madaktari wa Nairobi: kuna semina yoyote iliyobaki? Leseni ya daktari nchini Kenya ni ya mwaka mmoja. Ili ihuishwe, KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno, hutaka mwombaji awe amekusanya angalau pointi 50 za mafunzo endelevu. Aliyepungukiwa ataketi kwenye mhadhara wowote utakaomjazia pengo, hata ukihusu ugonjwa ambao hajauona tangu alipokuwa mwanafunzi.

Mgonjwa aliyelala wadini akingoja kuwekewa chuma pajani hana habari na haya. Angekuwa nazo, angeuliza pointi hizo zinapima nini, na jibu ni kwamba zinapima mahudhurio. Zinathibitisha kuwa daktari alikuwa ukumbini, au jina lake lilionekana kwenye kikao cha mtandaoni, kwa saa kadhaa. Kama mkono wake ulifanya kazi tofauti Jumatatu iliyofuata, hilo halimo kwenye cheti.

Sharti lenyewe silipingi. Bila hilo wapo ambao wasingefungua jarida tena hadi wastaafu, na mtu aliyesoma muda mrefu hivyo ana kila sababu ya kuchoka. Daktari bingwa wa mifupa wa Kenya amepitia miaka sita ya shahada ya kwanza, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha kama mitano ya ubingwa. Ubingwa huo wengine huupata Chuo Kikuu cha Nairobi, wakifanya kazi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Wengine hupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, ambacho humfundisha mtu palepale kwenye hospitali anayofanyia kazi. Anamaliza akiwa kwenye miaka ya thelathini, na mbele yake kuna miaka mingine thelathini ya kushika kisu. Shida ni kwamba sehemu ya aliyofundishwa itakufa kabla yake, na hakuna atakayempigia simu kumwarifu.

Chukua kijana wa bodaboda aliyegongwa Outering Road, mfupa wa muundi ukatoboa ngozi. Kwa vizazi kadhaa madaktari walifundishwa kwamba jeraha la namna hiyo lazima lisafishwe thieta ndani ya saa sita, vinginevyo mfupa utaingia vijidudu. Saa sita hizo zilitoka wapi? Chimbuko lake ni majaribio ya Mjerumani Paul Leopold Friedrich, mwaka 1898, aliyetia udongo na vumbi kwenye majeraha ya wanyama wadogo wa maabara na kuangalia uchafu unachukua muda gani kuenea. Wakati huo hapakuwa na antibiotiki duniani. Kanuni ikanakiliwa kitabu hadi kitabu kwa karibu karne nzima. Watafiti walipokuja kuwafuatilia wagonjwa wenyewe, wengi hawakuona kwamba saa ya sita ndiyo mpaka wa hatari. Walichokiona ni kwamba dawa ikichelewa, mgonjwa huumia. Patzakis na Wilkins walionyesha mwaka 1989 kwamba waliopewa antibiotiki ndani ya saa tatu za kuumia walipata maambukizi machache kuliko waliochelewa.

Hiyo haina maana kwamba kidonda kilichojaa matope kiachwe hadi kesho kutwa. Hicho kinakwenda thieta mara moja. Maana yake ni kwamba dakika zenye thamani kubwa zimehama mikono. Zamani zilikuwa za daktari wa upasuaji. Sasa ni za afisa wa kliniki aliye zamu usiku katika hospitali ya kaunti, ambaye ndiye anayemwona kijana kwanza na ndiye anayeweza kumdunga sindano kabla hajamwandikia rufaa. Kijana akifika Kenyatta baada ya saa nne za kutafuta ambulensi, bingwa aliyehudhuria makongamano yote ya dunia atakuwa anashughulikia jeraha ambalo nafasi yake bora ilishapita. Kwa hiyo ukimwelimisha bingwa peke yake kuhusu jambo hili, hujamsaidia mgonjwa.

Habari mpya si lazima ziwe ghali, na hilo husahaulika katika mji huu ambako kila kipya huja na mashine yake. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa kimataifa, FLOW, uliowafuatilia wagonjwa 2,447 wenye mifupa iliyotokeza nje. Utafiti uliuliza maswali mawili ya fundi bomba: maji ya kusafishia kidonda yaje kwa kasi gani, na yatiwe sabuni au yasitiwe? Kasi haikuleta tofauti. Sabuni ilileta, lakini kwa ubaya: waliosafishwa kwa sabuni walirudishwa thieta mara nyingi zaidi kuliko waliosafishwa kwa maji ya chumvi ya kawaida. Chupa ya dripu iliyoning'inizwa juu inatosha. Na huko Houston mwaka 2002, Moseley na wenzake walichukua watu 180 wenye magoti yaliyochakaa. Baadhi wakasafishwa goti kwa vifaa na kamera ndogo vilivyopenyezwa ndani, wengine wakachanjwa ngozi tu na kushonwa. Kwa miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu. Upasuaji uliokuwa ukifanywa kila siku haukuwa unatibu kitu ambacho kisu cha uongo kisingetibu.

Sasa, mtu anawezaje kulijua jambo kama hilo na bado asibadilike? Kwa urahisi sana. Uchambuzi wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, uliotoka mwaka 2009 ulikusanya majaribio 81 kuhusu mikutano ya kuwaelimisha wahudumu wa afya. Ulikuta kwamba mikutano husaidia, lakini kidogo: katika jaribio la kati, utendaji uliotakiwa uliongezeka kwa kama asilimia 6. Mihadhara iliyochanganywa na mazoezi na majadiliano ilifaulu zaidi ya mihadhara mitupu, na kadiri tabia iliyotakiwa kubadilishwa ilivyokuwa ngumu, ndivyo semina ilivyozidi kushindwa. Asilimia 6 si sifuri. Lakini ukiweka upande wa pili wa mizani ukumbi wa hoteli Westlands, slaidi themanini na chakula cha mchana, unaona kwa nini baadhi yetu tunauliza maswali.

Kuna kikwazo kingine kinachowahusu madaktari wenyewe, nao hawapendi kuambiwa. Mwaka 2006 JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, lilichapisha mapitio ya tafiti zilizolinganisha jinsi madaktari wanavyojipima na jinsi wanavyopimwa na wengine. Katika nyingi ya tafiti hizo vipimo viwili havikukubaliana, na waliokosea zaidi ni wale wenye ujuzi mdogo na wale wenye kujiamini kupita kiasi. Sasa tazama mfumo wa pointi: unamwachia daktari achague mwenyewe cha kujifunza. Anayependa kubadilisha nyonga atafuata nyonga kila kongamano. Kile asichokijua hatakichagua, kwa kuwa hajui kwamba hakijui.

Hapo ndipo wenzake wa kada nyingine wanapoingia, na mimi naona kitovu cha mada hii kiko hapo kuliko kwa mabingwa. Mgonjwa wa mifupa hupita mikononi mwa watu wengi: afisa wa kliniki, muuguzi wa wadi, muuguzi wa thieta anayepanga vyuma, mtu wa plasta, mtaalamu wa fiziotherapia, mtengenezaji wa miguu bandia na vishikizo. Bingwa anaweza kumwona kwa dakika chache za raundi. Saa nyingine zote ni za hawa.

Tatizo moja linatosha kuonyesha uzito wa saa hizo. Mguu uliovunjika huvimba, na misuli ya muundi imefungiwa ndani ya vifuko visivyonyumbuka. Shinikizo likipanda ndani ya kifuko kupita kiasi, damu hushindwa kuilisha misuli, nayo huanza kufa. Baada ya saa sita hadi nane hivi uharibifu haurudi nyuma. Plasta iliyobana huzidisha balaa. Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ingawa dawa imetolewa, na yanayopanda ghafla mtu mwingine akimnyoosha mgonjwa vidole vya mguu. Wanaofundishwa nusu hutafuta mapigo ya damu kwenye wayo, wakiyapata wanatulia. Ni kosa la kugharimu mguu, kwa sababu mapigo yanaweza kuwepo wakati misuli inakufa. Kosa la pili ni kuunyanyua mguu juu ya mito kadhaa kwa nia njema, ilhali unatakiwa kuwa usawa wa moyo ili damu ifike. Na plasta haipasuliwi juujuu: hupasuliwa yote, pamoja na pamba na bandeji, hadi ngozi ionekane, kisha bingwa aitwe kwa haraka kwa sababu huenda ikabidi vifuko vyenyewe vifunguliwe kwa kisu.

Nani anayaona hayo saa nane za usiku? Muuguzi mmoja mwenye wadi iliyojaa. Akijua, mguu unapona. Asipojua, ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa analalamika sana na amepewa dawa ya maumivu. Au anajua, ila mara ya mwisho alipompigia daktari simu usiku alifokewa. Hilo nalo ni suala la elimu, na hakuna semina ya muuguzi peke yake itakayolitatua. Anayehitaji kufundishwa hapo ni anayepokea simu. Ndiyo maana mazoezi ya pamoja, daktari na muuguzi na mtu wa plasta wakiigiza usiku mmoja mbaya kwa nusu saa, yana faida ambayo mihadhara mitatu sambamba katika kumbi tatu haina.

Lakini mfumo umegawanyika. Madaktari wana KMPDC. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, wauguzi lao, wataalamu wa fiziotherapia lao lililotokana na sheria ya mwaka 2014. Kila baraza lina masharti yake na daftari lake la pointi. Mgawanyo huo una sababu za kisheria zinazoeleweka, ila matokeo yake ni kwamba watu wanaomtibu mgonjwa mmoja kitanda kimoja husomeshwa kila mmoja kwa njia yake.

Mfano wa kinyume upo, tena wenye mafanikio. Watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani zamani walipasuliwa sana, wakakua na miguu migumu yenye makovu. Ignacio Ponseti, daktari wa Iowa nchini Marekani, alibuni njia nyingine tangu miaka ya 1940: kuunyoosha wayo taratibu kwa mikono na kuufunga plasta mpya kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita, kisha mara nyingi kukata kidogo ukano wa kisigino, na baada ya hapo viatu vilivyounganishwa kwa upau. Viatu hivyo huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu hadi mtoto afike miaka minne hivi. Alichapisha matokeo mapema miaka ya 1960 na wenzake karibu wote wakampuuza. Njia hiyo ilienea miongo mitatu baadaye, wazazi wakiwa miongoni mwa walioisukuma kupitia intaneti. Faida yake kwa nchi kama yetu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi haihitaji bingwa. Mtaalamu wa fiziotherapia au afisa wa kliniki aliyefundishwa vizuri anaifanya. Na mwanafunzi wa mwisho katika mnyororo huo ni mama, kwa sababu upau ukiachwa, wayo hurudi ulikotoka. Mama akielezwa hivyo siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha nyumbani, atavumilia kilio cha usiku wa kwanza wa viatu.

Nikiwa hapo, niseme neno moja kuhusu wale ambao hakuna baraza linalowapa pointi. Familia nyingi hupeleka mfupa kwa mganga wa mifupa kabla ya hospitali, wengine baada ya hospitali. Fito zikifungwa kwa nguvu, mkono wa mtoto unaweza kuoza. Nchini Ethiopia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba kozi ya siku moja tu kwa waganga hao ilipunguza idadi ya viungo vilivyokatwa kwa sababu hiyo. Wapo mabingwa wanaoona kuwafundisha waganga ni kuwahalalisha. Naelewa hofu yao, lakini mkono wa mtoto nauweka mbele.

Turudi kwa pesa, kwa kuwa mtu lazima alipie ukumbi. Elimu ya upasuaji wa mifupa imekaa jirani na viwanda tangu mwanzo. Mwaka 1958 madaktari wa Uswisi, Maurice Müller na wenzake, waliunda kundi la AO ili kusanifisha jinsi ya kuunganisha mifupa kwa sahani na skurubu. Mwaka 1960 walianza kozi zao Davos, washiriki wakichimba mifupa kwa mikono yao badala ya kusikiliza tu. Watengenezaji wa vyuma hivyo walirudisha sehemu ya mapato, nayo ikalipia mafundisho na utafiti. Mpango huo uliinua kiwango cha matibabu duniani kote, na kozi za AO za kanuni za msingi bado ni miongoni mwa bora anazoweza kupata kijana wa Nairobi. Zipo pia za wahudumu wa thieta. Hata hivyo, anayejifunza kwa seti ya kampuni fulani hurudi hospitalini akitaka seti hiyo. Kampuni inayodhamini warsha hailazimiki kudanganya hata neno moja. Inatosha ichague mada. Sijawahi kuona bango la mdhamini kwenye mhadhara wa jinsi ya kufunga plasta, na wala sitarajii, maana plasta haina faida ya kugawana.

Palipo na mdhamini, uliza mhadhiri amelipwa na nani. Swali hilo linakubalika kabisa katika makongamano ya heshima, ikiwemo lile la kila mwaka la Chama cha Madaktari wa Mifupa Kenya, na mhadhiri mwenye nia safi hukasirika mara chache.

Tangu mwaka 2020 vikao vingi vimehamia mtandaoni. Ni neema kwa daktari aliye Lodwar au Garissa ambaye zamani alisafiri siku nzima kufuata pointi tano. Kwa wa Nairobi ni neema yenye utata: unaweza kujiunga na mhadhara wa uti wa mgongo huku umekwama Mombasa Road, simu ipo kwenye dashibodi na macho yapo kwa matatu inayokuchomekea. Pointi zinaingia vilevile.

Kinachoonekana kumbadilisha daktari kwa hakika zaidi ni kurudishiwa matokeo yake mwenyewe. Angalia SIGN, shirika lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Washington, mwaka 1999. Hutoa misumari ya kuunganisha mifupa mirefu kwa hospitali zenye uhaba, pamoja na vifaa vya kulenga skurubu bila mashine ya eksirei ndani ya thieta. Ili upate misumari mingine, lazima upakie picha za kila mgonjwa uliyemtibu kwenye hifadhi yao, kabla na baada ya upasuaji, na akirudi kliniki. Madaktari wenye uzoefu huzitazama na kukuandikia: msumari mfupi, mfupa umekaa upande, fikiria hivi. Wanapenda pia picha ya mgonjwa akichuchumaa huku anatabasamu, kwa sababu anayeweza kuchuchumaa goti limekunja na mfupa umeshika. Hakuna mhadhara unaoweza kumwambia daktari jambo hilo kuhusu mgonjwa wake.

Hospitali haihitaji Richland kwa hilo. Inahitaji mkutano wa asubuhi ambako eksirei za usiku huwekwa ukutani na mkubwa wa idara huulizwa maswali na mdogo bila mdogo kuadhibiwa. Inahitaji kikao cha kila mwezi cha kujadili vifo na matatizo, ambacho muuguzi na mtu wa plasta hualikwa kama wenye kauli. Hospitali iliyosajiliwa kutoa mafunzo inaweza kupata pointi kwa vikao vyake yenyewe, kwa hiyo hata kwa hesabu za Desemba hakuna hasara. Kikwazo ni kimoja: kufuatilia wagonjwa. Aliyeambukizwa vijidudu miezi minne baadaye huenda akaenda hospitali nyingine, au akarudi mashambani, na daktari akaendelea kuamini kwamba kazi yake ilikuwa safi.

Kwa mgonjwa au ndugu anayesoma haya, tovuti ya KMPDC ina orodha ya madaktari wenye leseni, na kuangalia jina ni kazi ya dakika moja. Kwa afisa wa kliniki, muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia, utakwenda kwa baraza husika. Orodha itakuambia kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Mengine muulize mwenyewe, kwa adabu: daktari, upasuaji huu umeufanya mara ngapi mwaka huu? Nisipofanyiwa, itakuwaje? Nani ataangalia mguu wangu usiku? Na maumivu yakizidi baada ya kwenda nyumbani, nimpigie nani? Mtu wa plasta kwa kawaida huandika tarehe juu ya plasta kwa kalamu. Mwambie aandike na namba hiyo ya simu kando yake.